Karatasi ya Ndani ya Paketi
Jana jioni, nikingojea feri ya Likoni, niliikunjua karatasi iliyomo ndani ya paketi ya tembe zangu za kupanga uzazi, nikaisoma kwa mara ya kwanza tangu nianze kuzimeza. Kila tembe nyeupe ina mikrogramu 30 za estrojeni, homoni ya kike. Zile 7 za kahawia ni madini ya chuma tu.

Tembe ya kwanza, ambayo watafiti Gregory Pincus na John Rock waliifanyia majaribio huko Puerto Rico kuanzia mwaka 1956, iliingia sokoni Marekani ikiwa na mikrogramu 150 hivi. Wanawake waliomeza tembe hiyo huko Puerto Rico walilalamikia kichefuchefu na kizunguzungu, na wengi hawakuelezwa kwamba wanajaribiwa, jambo ambalo lanikera hadi leo.

Kipimo kilipunguzwa hasa kwa kuhofia damu kuganda mishipani, lakini kila kilipopungua ilibidi ithibitishwe kwamba yai bado halipevuki. Katika majaribio hayo huhesabiwa mimba zilizotungwa kwa kila wanawake 100 waliotumia dawa mwaka mzima, nao huandika kila siku waliyotokwa na matone ya damu, kwa kuwa estrojeni ikiwa ndogo matone huzidi.

Kumbe ndiyo yaliyonisumbua miezi miwili ya mwanzo! Muuzaji wa dawa hakuniambia lolote, naye shangazi alishikilia kwamba ni uchafu unatoka, akanichemshia tangawizi, nami nikainywa.