Sifa Zangu Nazitaja Mwenyewe

Hapa Keko, kwa mafundi samani wa Dar es Salaam, ukikaa kimya ungoje kabati lako lijiuze, utalala njaa. Aliyesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza hakuwahi kupanga vitanda kando ya barabara huku majirani wa kulia na kushoto wanauza vitanda vilevile, vimepakwa vanishi ileile. Mteja anapita macho yakiwa kwenye simu. Usipomwambia, nani atamwambia?

Basi mimi husema. "Karibu dada, hiki nimekiunga mwenyewe, na hapa Keko wanaonifikia hawazidi wawili." Wenzangu huangua kicheko: "Nshomile kaanza!" Ndivyo wanavyotutania sisi Wahaya siku zote. Mhaya akiwa Dar hata akinyamaza ataambiwa ananyamaza kwa maringo.

Lakini kwetu Bukoba kujisifu kuna utaratibu wake. Mtu anayetoa kivugo, yaani majigambo ya kishujaa, husimama mbele ya watu, akataja jina lake, ukoo wake na kazi aliyoifanya, tena mbele ya walioishuhudia. Babu yangu mdogo nilimsikia harusini: mkuki mkononi, mguu unapiga chini, sauti juu, na wazee wamekaa wanamsikiliza kama mahakimu. Angejipachika ushujaa usio wake, angezomewa palepale. Ndiyo maana sikubali majigambo na majivuno yatiwe kapu moja. Anayejigamba anakupa kitu cha kukagua. Mwenye majivuno anataka tu umnyenyekee, na ikibidi atakiponda kitanda cha jirani ili chake kionekane.

Bingwa wa mambo haya alikuwa Muhammad Ali. Alijitangaza kuwa ndiye mkuu kabla hajapanda ulingoni na Sonny Liston Februari 1964, watu wakamcheka, kisha akashinda. Mwaka 1980 alitua hapa Dar, katumwa na Rais Carter wa Marekani aishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea, na timu ikaenda. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, ambazo mpaka leo ndizo pekee tulizonazo za Olimpiki. Nadhani Ali alikwama kwa sababu safari ile hakuja kusifu ngumi zake. Alibeba maneno ya mtu mwingine, na hayo hayakumkaa mdomoni.

Juzi mama mmoja akaniuliza, "Fundi, mbona unajisifu hivyo?" Sikumjibu. Nikachomoa droo ya kabati, nikaipindua, nikampa aishike. Akapitisha kidole kwenye maungio ya kona, akatafuta msumari, hakuuona. Akanusa ndani, akagonga ubao wa chini kwa ukucha, akaisukuma droo na kuivuta mara mbili tatu. Halafu akauliza bei. Nilimpunguzia kidogo tu, maana mninga mzuri wa Tabora siku hizi umepanda, na nusu ya pesa atamalizia mzigo ukifika kwake Mbagala.