Ngoma ya muheme iliyonipatia ushindi wa picha

Tangu picha yangu ishike nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya picha, swali ninaloulizwa zaidi ni kamera. Ni ya mtumba, ina lenzi moja tu ya milimita 50 isiyovuta karibu. Lenzi hiyo ndiyo iliyoniamulia kila kitu: ukitaka uso wa mtu ujae, sharti umsogelee, na ukimsogelea sharti akujue.

Nilichagua muheme. Kwetu Wagogo, hiyo ni ngoma ya akina mama. Mpigaji huibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Kikundi nilichokifuata kipo upande wa Chamwino, mkoani Dodoma. Nilianza kwa kuamkia, "Mbukwenyi," nikaketi kusikiliza, kamera ikiwa mkobani. Wapiga picha wengi huja, hupiga, huondoka, na wale mama hawaoni hata picha moja. Hilo linaniuma. Mimi nilizisafisha zangu nikawapelekea. Kiongozi wao akaitazama ya kwake, akaniambia, "Mwanangu, hapa umenikuta nimeshachoka. Uwe unapiga picha ngoma ikipanda moto." Sijapata fundisho la upigaji picha lililozidi hilo.

Mwanga wa Dodoma una ukaidi wake. Jua la utosini huyafunika macho kwa kivuli cheusi, hasa mtu akiwa amejifunga kilemba. Kwa hiyo nilingoja saa kumi na moja jioni, tena kiangazi, vumbi linapotimka miguuni na jua la nyuma kulifanya ling'ae lote. Kwa shata, yaani kipazia cha kamera kinachopitisha mwanga, ya 1/500 ya sekunde mikono iliganda, picha ikawa kimya kabisa. Niliposhuka hadi 1/60, viganja vikawa ukungu wa mwendo. Uso je? Kufikia hapo nilikuwa nimeshalizoea pigo, najua ni wapi mama niliyemlenga hutuliza kichwa kabla ya kupokea wimbo. Nilibonyeza hapohapo.

Kuchagua ya kutuma kulinitesa kuliko kupiga. Niliipenda mno moja yenye machweo mekundu na mbuyu. Nikamwonyesha jirani yangu, mtu wa Pemba ambaye hajawahi kuuona muheme. Ile ya machweo aliipita, akaganda kwenye ya mama na vumbi, akauliza, "Anaimba nini huyu?" Nikatuma hiyo.

Pembeni mwa mama huyo kulikuwa na dumu la njano la maji. Masharti yaliruhusu kurekebisha mwanga, yakakataza kufuta kitu, na wanaojiunga na mashindano nawasihi wasome masharti mpaka mstari wa mwisho. Dumu lilibaki. Jaji mmoja alilisifu: lilimwonyesha kwamba ngoma hii inapigwa leo, uani kwa watu.

Fedha za zawadi tuligawana na kikundi, kama tulivyokubaliana kabla sijatuma. Fungu lao wamenunulia ngozi za kuwambia ngoma mpya.