Kabla ya kumchoma sista kidole

Usiku huu nimezirudia takwimu za watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust (mpango wa utafiti wa afya nchini Kenya) za mwaka 2020, na kuna moja imenikaa kichwani. Kati ya 30 Julai na 4 Desemba walipima kingamwili za korona (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi) kwa wahudumu wa afya 684 wa Kenya. Baada ya kusahihisha makosa ya kipimo, waliokuwa nazo Nairobi walitoka asilimia 43.8, Busia 12.6, Kilifi 11.5. Ile ya Nairobi imenukuliwa sana. Yangu ni nyingine: kada, yaani aina ya kazi ya mhudumu, haikuleta tofauti ya maana.

Inanikaa kwa sababu mhudumu akiambiwa ana kingamwili, huanza papo hapo kutafuta kosa lake. Glavu alizovua kwa haraka. Mgonjwa aliyemkoholea usiku wa manane. Kisha linafuata swali zito zaidi: nyumbani nilimpelekea nani? Takwimu hizi hazimpi mtu ushahidi wa kujihukumu hivyo. Virusi vilikuwa kwenye matatu, sokoni, matangani, na kwenye kile chumba cha chai ambako barakoa zote hushuka kidevuni.

Kipimo chenyewe hujibu swali dogo kuliko linaloulizwa. Kinasema tu kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi (au chanjo) na ukakumbuka. Hakisemi lini. Hakisemi kama bado unaambukiza, na tarehe 24 Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya kisitumike kama cheti cha kinga. Anayehisi homa leo apimwe pua kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Kingamwili mara nyingi huchukua wiki mbili hivi kuonekana vizuri, kwa hiyo mtu wa siku ya nne anaweza kutoka hasi huku ndiye anayeambukiza wodi nzima. Wiki tatu baada ya dalili ndio wakati mzuri zaidi.

Na chanjo imeongeza kizungumkuti. Kenya ilianza Machi 2021 kwa AstraZeneca, ambayo hufundisha mwili kutambua miiba tu ya kirusi. Ukimpima aliyechanjwa kwa kiti (seti ya kupimia) kinachotafuta kingamwili za miiba, atatoka chanya hata kama hajawahi kuugua. Kwake tafuta kingamwili za nukliokapsidi, protini iliyo ndani ya kirusi. Aliyepata Sinopharm hata hilo halisaidii, maana chanjo ile imetengenezwa kwa kirusi kizima kilichouawa.

Vile vikaseti vya haraka, vya kupimia tone la damu ya kidole, vinaonekana rahisi, na hapo ndipo watu huteleza. Kikitoka kwenye friji, kiache kwenye pakiti yake mpaka kifikie joto la chumba. Ukikifungua bado baridi, hasa kwenye unyevu wa pwani, utando hunyonya maji na damu haipandi sawasawa. Pangusa kidole kwa spiriti na usubiri ikauke kabisa. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, futa tone la kwanza, chukua la pili. Usikamue: kukamua huleta majimaji ya nyama na kuzimua damu. Viti vingi hutaka maikrolita 10 au 20, kisha matone mawili au matatu ya bafa (kimiminika kinachokuja na kiti), lakini karatasi ya kiti chako ndiyo mwamuzi. Ukisahau kuweka saa, usikisie. Mstari uliojitokeza baada ya muda wa kusoma kupita si jibu, na mstari wa C, unaoonyesha kwamba kaseti imefanya kazi, usipotokea, tupa kaseti uanze upya.

Sasa hesabu, ambayo ningependa kila msimamizi aifanye kabla ya kuagiza maboksi. Chukua kiti kinachogundua 90 kati ya 100 walioambukizwa, na kumpa chanya ya uongo mmoja kati ya 20 ambao hawakuambukizwa. Pima watu 1,000 mahali penye kiwango cha Kilifi ya wakati ule: chanya za kweli kama 104, za uongo 44. Yaani katika kila kumi, tatu ni uongo. Kiti hichohicho kwenye kiwango cha Nairobi kitatoa za kweli 394 na za uongo 28. Ndiyo maana utafiti ule ulitumia ELISA, kipimo cha maabara chenye umahususi wa asilimia 99, yaani chanya ya uongo kama mmoja tu kati ya 100 ambao hawakuambukizwa.

Mazungumzo yaje kabla ya sindano. Dakika tano zinatosha, na swali ni moja: jibu hili litabadilisha nini kwako? Akisema "nitaacha kuogopa" au "nitalala chumba kimoja na watoto tena", mweleze hapohapo mipaka ya kipimo. Wakati wa kutoa jibu, sema wazi: "Sista, hii inaonyesha kwamba huenda virusi vilishapita mwilini mwako. Haisemi uliambukiza nani. Barakoa inabaki." Jibu lisipitie kwa in-chaji (msimamizi wake), wala lisisomwe koridoni.

Kuhusu hali ya moyo, wengi hutumia PHQ-9, dodoso la kupima sonona (huzuni nzito inayodumu): maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 3 kila moja, na 10 kwenda juu huhitaji kufuatiliwa. Kuijazisha saa ileile ya jibu ni kupima mshtuko wa siku hiyo. Ijazwe kabla, irudiwe wiki mbili au zaidi baadaye. Pia tazama alama zimetoka wapi. Usingizi, uchovu na hamu ya kula peke yake vyaweza kufika 9 kwa mtu aliye zamu ya usiku, hata asiye na sonona. Kinyume chake, kuna anayepata 6 huku akikwambia "kichwa kimejaa" na moyo unamwenda mbio kila anapovaa gauni la kujikinga kazini. Huyo msikilize kuliko karatasi yake.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Likiwa na alama yoyote juu ya sifuri, jumla haina kazi tena: zungumza naye siku hiyohiyo, faraghani, na asirudi zamuni mpaka akabidhiwe kwa mtu wa afya ya akili anayejulikana kwa jina na simu. Kama kituo chako hakina mtu huyo, mtafute kwanza, kaseti zisubiri.