PHP au Perl? Nilivyomjibu mdogo wangu

Mdogo wangu kamaliza diploma ya kompyuta juzijuzi tu hapa, akanipigia, kaka, kati ya hizi lugha mbili za kuandikia programu nianze na PHP au Perl, maana ana vitabu vya zamani vya zote mbili karithi kwa mtu wa hosteli na wenzake wanamwambia vyote vimepitwa na wakati. Nikamwambia PHP, wala sikusitasita.

Na mimi mwenyewe nilianzia Perl. Perl aliitoa Larry Wall mwaka 1987, kabla hata wavuti haijakuwepo, ila miaka ya tisini ndo ilishika kila kitu, fomu, vitabu vya wageni, kaunta za kuhesabu watu. Shida ilikuwa kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi websaiti. Unaandika skripti kwenye Windows, unaipandisha kwa FTP (njia ya kutuma mafaili kwenda seva) mpaka kwenye cgi-bin, folda ya skripti, unaipa ruhusa 755 ili seva iweze kuiendesha, unafungua brauza unakuta "Internal Server Error", basi, hakuna neno lingine. Mimi nilimaliza hela ya masaa matatu intaneti kafe nakagua kodi, yaani maandishi ya programu, herufi kwa herufi, kumbe kodi haina tatizo lolote, ni zile alama za Windows za mwisho wa mstari zimeganda kwenye mstari wa kwanza, ule unaoiambia seva Perl iko wapi, kwa hiyo seva ya Linux inatafuta programu ambayo haipo. Nikaipandisha upya kwa ASCII, ile hali ya FTP inayobadilisha alama hizo, ikawaka. Nilitamani kulia.

PHP haikutesi hivyo. Rasmus Lerdorf aliitoa 1995, mwanzoni ilikuwa vifaa vya ukurasa wake binafsi tu, ndo maana unaichomeka humohumo ndani ya HTML, lugha ya kurasa za wavuti, unasevu, unarifreshi, unaona, na ukikosea (kama umewasha kuonyesha makosa) inakutajia mpaka namba ya mstari. Halafu kazi zipo. Mtu akikuletea websaiti ya duka au ya shule uirekebishe, mara nyingi ukifungua ndani unakuta WordPress, mfumo wa kutengenezea websaiti, na WordPress ni PHP, Moodle wanayosomea wanavyuo ni PHP, hata Wikipedia inaendeshwa na MediaWiki ambayo nayo ni PHP. Hosti (kampuni zinazokodisha seva) za bei rahisi karibu zote zinaikubali. Perl sijaitupa lakini, kuchambua mafaili ya logi, yale ya kumbukumbu za seva, bado naipenda sana, na cPanel, ile paneli ya kusimamia hosti, yenyewe sehemu kubwa imeandikwa kwa Perl.

Nilichomkazania ni umri wa kitabu. Ukiona kinafundisha mysql_query, njia ya zamani ya kuongea na hifadhidata, weka pembeni, hiyo iliondolewa kwenye PHP 7 mwaka 2015, na sasa tuko PHP 8. Jifunze PDO, njia nyingine ya PHP ya kuongea na hifadhidata, tangu siku ya kwanza, usiunganishe maneno ya mtumiaji na SQL (lugha ya hifadhidata) kwa nukta, alama ya kuunganishia maneno kwenye PHP, ndo mlango wa wezi huo.

Hilo la mwisho hakulisikiliza. Jana kanitumia skrinshoti, kamtengenezea mjomba fomu ya kurekodi mifugo anayouza, mbuzi inaingia, kondoo inaingia, akiandika ng'ombe inagoma. Kahangaika nayo tangu asubuhi. Nikamwambia mdogo wangu angalia hiyo alama baada ya ng, SQL inadhani neno limeishia hapo. Leo usiku tunakaa kwenye simu tunaibadilisha yote iwe PDO.