Probu ya oksijeni: kumbe hewa ilikuwa inaingilia kwenye kizibo

Leo saa kumi jioni probu, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi, imesema kweli: oksijeni 6.2% kwenye dohani, na kipima moshi cha mkononi nilichoazima kikasema 6.0%. Wiki tatu nzima ilikuwa inaniambia 11.4%.

Kwa mliofuatilia tanuri langu la maganda ya korosho hapa Mikindani: feni inaifuata probu. Probu ikidai hewa imezidi, feni inapunguza. Basi moto ukawa unakosa pumzi, dohani inatema moshi mweusi wenye yale mafuta ya ganda yanayonata kila mahali, hadi mama jirani akaacha kuanika nguo upande wetu. Moshi mweusi na oksijeni 11% havipikiki chungu kimoja. Nilijua kuna hewa ya nje inaingia. Sikujua inapitia wapi.

Kilichonipoteza ni gesi ya mtungi, ile ya kuijaribia probu kwa oksijeni ya kiwango kinachojulikana. Kila nikipitisha ile ya oksijeni 2%, seli (kile kiini cha zirkonia, aina ya kauri, kinachotoa umeme kulingana na oksijeni) ikiwa na joto la nyuzi 700, napata milivolti 49, sawasawa kabisa. Nikazima dakika moja pampu ya hewa ya rejea, yaani hewa safi ambayo seli inalinganisha nayo moshi; milivolti hazikutikisika, kwa hiyo zirkonia haina ufa. Nikahamia kwenye flenji, bamba la boliti linaloishika probu kwenye dohani: gasketi mpya, kisha kamba ya grafiti, boliti nikazikaza mpaka kiganja kikauma. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Hakuna kiputo hata kimoja.

Jamani, dohani inavuta! Hewa haitoki, inanyonywa ndani. Kiputo kitapulizwa na nini? Sabuni ni ya mabomba yenye presha, nami nimepoteza siku 4 kwa kuiamini.

Jana jioni, tanuri likiwaka, mke wangu alikuwa anafukiza udi wa vijiti. Nikaomba kimoja. Nikakipitisha polepole kuzunguka flenji: moshi unapanda wima. Kwenye nati za waya: wima. Nilipofika kwenye tundu la kuingizia gesi ya mtungi, moshi ukapinda, ukazama chini ya kizibo kama uzi kwenye tundu la sindano. Oringi, ile pete ya mpira inayoziba chini ya kizibo, ilikuwa imekaushwa na joto, ngumu kama kucha. Na kijibomba cha tundu hilo kinaishia mbele ya seli kabisa, hivyo seli ilikuwa inavuta hewa safi ya Mikindani badala ya moshi. Ninapopima kwa mtungi kizibo huwa nimekivua na mpira wa gesi umebanwa mahali pake, kwa hiyo kipimo kilifaulu kila mara.

Nimeweka kizibo cha brasi na washa ya shaba nyekundu. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba siitaki tena karibu na dohani. Joto likipita nyuzi 260 inaharibika.

Wiki hii nilipanga kuivalisha dohani sufi ya kuzuia joto. Itasubiri. Sasa nataka kuuona huo mvuto wenyewe kwa milimita: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliopindwa kama U, wenye maji ya rangi. Mpira nimeshanunua sokoni. Naufunga kesho asubuhi kabla sijawasha.