Mama na bwawa la Webber

Joto la Minneapolis, Marekani, mwezi wa saba halina mchezo. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na kiyoyozi kimoja, kelele nyingi baridi kidogo, na watoto walishachoka na michezo ya ndani, wamebaki kugombana. Nikamwambia mama, aliyekuja kutuona kutoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, ajiandae tuwapeleke Webber wakaogelee. Ni bwawa la umma, kaskazini mwa mji, kiingilio bure. Hilo la bure lilimpendeza. Akafunga kanga, akabeba na nyingine ya akiba.

Webber si bwawa kama mengine. Lilifunguliwa mwaka 2015, la kwanza la umma Amerika Kaskazini kusafishwa bila klorini. Maji yanatoka sehemu ya kuogelea, yanapita kwenye bwawa la pili lenye changarawe na mimea ya majini. Bakteria waliojishikiza kwenye mawe na mizizi wanakula uchafu, kisha maji yanarudi. Kwa hiyo huoni ule ubuluu wa mabwawa ya hoteli wala husikii harufu ya dawa. Maji yana ukijani kwa mbali.

Mama aliona majani kabla hajaona maji. Watoto walishavua viatu, mdogo kavaa nepi yake ya kuogelea, wanakimbilia upande wa kina kifupi. Akamdaka mkubwa mkono.

"Hapana! Wewe huyaoni hayo majani? Hapa konokono hawakosi. Unataka wajukuu zangu wapate kichocho?"

Kwa mtu wa Ukerewe hilo si neno la utani. Ziwa letu ni zuri, lakini penye matete na maji yaliyotulia ndipo konokono wanapokaa, na ndipo vijidudu vinapomwingia mtu kupitia ngozi naye hana habari. Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa tunapangwa mstari, tunasimamishwa mmoja mmoja kwenye fito yenye alama, na urefu wako ndio unaoamua utameza vidonge vingapi. Vikubwa, vichungu, na ukivimeza na njaa utavitapika. Mama yeye aliwaona watu wazima waliovimba matumbo mpaka wakazikwa.

Nikamweleza habari za changarawe. Hakunisikiliza. "Kamuulize yule kijana." Kijana mwenyewe alikuwa mwokoaji, kakaa juu ya kiti kirefu, filimbi shingoni. Nikaenda huku naona aibu. Kwa uso wake hakuwahi kuulizwa habari za konokono. Akamwita mama mmoja wa makamo, mfanyakazi wa pale. Huyo hakucheka. Alitupeleka mpaka karibu na bwawa la mimea, akatuonyesha kwa kidole maji yanakoingilia na yanakotokea, akasema yanapimwa mara kwa mara. Kichocho hicho cha binadamu, akasema, kwenye jimbo lao la Minnesota hakipo. Kilichopo kwenye maziwa yao ni mdudu ndugu yake, wa bata: akiingia kwenye ngozi ya mtu anafia humohumo, anakuachia vipele vya kuwasha siku chache. Mimi natafsiri, mama anaitikia "ehee", macho yako kwenye mizizi.

"Kwa hiyo konokono kwenye maziwa yao wapo," akasema.

Sikuwa na jibu. Akatoa masharti: maji yasipite magoti, na kila anayetoka aanzie kwake.

Mdogo alikaa kitako, akapiga maji kwa viganja vyote viwili. Yakamrukia usoni, akashtuka, akanitazama kama alie au acheke, kisha akapiga tena. Mkubwa alishapata rafiki, mtoto wa Kisomali mwenye ndoo ya plastiki, wanamwagiana zamu kwa zamu. Na kila walipotoka, bibi yao amesimama na ile kanga ya akiba, anawasugua kama sufuria iliyoungulia. Kwetu ndivyo tulivyofundishwa: ukitoka ziwani jikaushe upesi na kwa nguvu, mdudu asipate nafasi ya kuzama.

"Bibi ananichuna!" mkubwa akalalamika.

"Nakuchuna wewe au nakuchuna ugonjwa? Geuka."

Usiku mama alimrekodia mama mkubwa kule Nansio, akimsifia bwawa la mji mzima lisilo na kiingilio wala dawa. Jibu lilikuja kabla hatujalala, maana kwao kulishakucha: "Na kichocho je?"

Mama akasonya. Akabonyeza simu, akaanza kumfundisha dada yake habari za changarawe, mizizi na wale bakteria. Alipofika kwa bata alichanganya mambo kidogo, nami nikamwacha aendelee.