Gego la miaka sita

Mtoto akitimiza mwaka 1, mpeleke kwa daktari wa meno hata kama haumwi. Mzazi na daktari hukaa magoti yakigusana, mtoto analazwa mapajani, kichwa upande wa daktari. Dakika chache tu. Usimwambie "hutaumia", neno kuumia ndilo atakaloshika.

Kabla chonge halijaota, ufizi huvimba kidogo na kuwa mweupe. Hapa Uganda wengi huita ebinyo, huulaumu kwa homa na kuharisha, kisha huuchokoa hata kwa spoku ya baiskeli. Tafadhali, usikubali! Kinachong'olewa ni jino changa lenyewe. Mtoto hupoteza damu, kidonda huingia vijidudu, na jino la kudumu lililo chini huharibika. Anayeharisha anahitaji ORS (chumvichumvi za kuchanganya na maji ya kunywa) na zinki, na kufikishwa kliniki mapema.

Kufumba na kufumbua, ana miaka 6. Nyuma ya meno yote 20 ya utoto huchomoza gego lisilong'oa jino lolote, kwa hiyo wazazi hudhani nalo litang'oka, wanaliacha lioze. Hilo ni la kudumu. Ingiza mswaki kutokea pembeni mwa shavu, dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere. Kwa mdogo wake wa chini ya miaka 3, punje ya mchele.